Kipimo cha Joto kwenye Pikipiki ya Dawa

Kamina, Jumatano, 3 Novemba 1954

Leo nimepiga chapa barua ambayo sikutaka kuipiga. Inasema kwamba Malachie Mwanza, dereva na fundi wa pikipiki ya ghala letu la dawa, ameunguza pistoni mbili katika miezi mitatu, na kwamba akiunguza ya tatu kabla mvua hazijaisha ataachishwa kazi na kuhama nyumba ya kambi siku hiyohiyo. Nyumba ni mali ya ghala. Anakaa humo na mkewe Clotilde na watoto sita.

Bwana Vermeire, mkuu wa ghala, aliisoma mara mbili, akaongeza mkato mmoja, akatia sahihi. Kisha akanituma nimpelekee mhusika mwenyewe. Nilimkuta Malachie kwenye kibanda cha bati, injini imefunguliwa mbele yake juu ya gunia. Alifuta mikono, akasoma mpaka mwisho, akatia sahihi pale nilipomwonyesha.

« Karani, weye unaandika muzuri. Hata kufukuza muntu unaandika muzuri. »

Nilimjibu kwamba maneno si yangu, ni ya Bwana.

« Najua. Maneno ni ya Bwana, mukono ni ya kwako. »

Pistoni ilikuwa palepale kwenye gunia, na katikati yake tundu la ukubwa wa kidole gumba, kingo zake zimeyeyuka. Sikujua kwamba chuma kinaweza kuyeyuka ndani ya kitu ambacho watu wanakipanda.

Nimeanza daftari hili leo kwa sababu kichwa changu hakitulii. Ninaitwa Florent Kabongo, nina miaka ishirini na mmoja, nilisoma seminari ndogo hadi kifua kiliponitoa. Naogopa radi, naogopa kengele ya mezani kwa Bwana Vermeire, naogopa pikipiki. Kwa bahati kazi yangu ni ya kukaa kitini.

Jumamosi, 6 Novemba

Kila Jumamosi saa moja na nusu asubuhi wafanyakazi wote hujipanga uwanjani kuitwa majina. Baada ya majina mimi husoma jedwali la petroli. Jedwali hilo ni kazi yangu. Mwezi wa Mei Bwana alitaka taarifa fupi ya matumizi ili aipeleke kwa wakubwa wake, nami nikachora mistari kwa rula, wino wa buluu kwa lita zilizotumika, mwekundu kwa lita zilizookolewa. Alipenda sana. Akaamuru lisomwe mbele ya watu, na dereva aliyeokoa petroli apigiwe makofi matatu.

Tangu Juni ni Malachie aliyekuwa akipigiwa. Safari ya kwenda Luena na kurudi ilikuwa ikila lita kumi na tisa. Akaishusha hadi kumi na nane, kumi na saba, kumi na sita, kumi na tano. Madereva wawili wa malori, Kabedi na mwenzake, hawakumfikia hata siku moja.

Leo pikipiki imelala, hapakuwa na makofi. Malachie alisimama mwisho wa mstari akiangalia viatu vyake. Nilifikiri: fundi mzembe. Naandika hapa nilivyofikiri.

Jumatano, 10 Novemba

Alfani Sadiki amekuja kibandani na kitu kilichofungwa kwenye kanga kuukuu. Ana duka la vitambaa karibu na stesheni. Ukoo wake ulitoka Maniema na biashara, na kila mara watu wa Base, kambi ya ndege za jeshi, wanapouza vyombo vya zamani, yeye hufika wa kwanza. Mwaka jana Malachie alitengeneza cherehani ya mkewe Amisa akakataa kulipwa. Alfani hajasahau.

Ndani ya kanga mlikuwa na kipimo kilichotoka kwenye ndege. Ni kama saa nyeusi yenye namba nyeupe mpaka mia tatu na hamsini, mshale mmoja, na nyaya mbili ndefu zinazoishia kwenye pete ya shaba.

« Hii ilikuwa inaangalia moto ya injini mu ndeke, » Alfani alisema. « Weye Malachie unaunguza pistoni sawa mama mwenye kusahau maandazi. Kamata. »

« Minyi niko na masikio. Naisikia injini. »

« Masikio yako imekwisha kula pistoni mbili, kaka. »

Malachie hakucheka, ila alikipokea. Akanieleza, kwa kuwa nilisimama pale na kalamu. Pete inakaa chini ya buji, yaani kile kipande kinachotoa cheche juu ya injini. Joto likipanda, mshale unapanda, hakihitaji betri. Injini inakula petroli iliyochanganywa na hewa. Petroli ikizidi, inatoa moshi mweusi na kukohoa. Hewa ikizidi, moto unakuwa mkali kupita kiasi mpaka chuma kinashindwa. Kipimo hakionyeshi mchanganyiko wenyewe, kinaonyesha homa yake.

« Mia moja na makumi munane, mia mbili, iko muzima, » alisema. « Mia mbili na makumi tano, iko mugonjwa. Kupita pale, unaita padiri. »

Bwana Vermeire alitoka kuangalia. Aliona ni jambo zuri, lakini akasema namba isiyoandikwa si namba. Dereva hawezi kuendesha na kuandika. Kwa hiyo Florent atakwenda.

Nilisema ndiyo, Bwana.

Alhamisi, 11 Novemba

Mvua. Sikula.

Jumanne, 16 Novemba. Luena

Nimefika mzima.

Kigari cha pembeni kimejaa masanduku ya dawa, kwa hiyo mimi nakaa nyuma ya Malachie. Alinifundisha kumkamata kiunoni. Nilimjibu kwamba karani hamkumbatii dereva. Kabla hatujavuka reli nilikuwa nimemkumbatia kwa mikono yote miwili, na yeye akacheka hadi mgongo wake ukatikisika.

Kipimo kimefungwa kwenye usukani ndani ya kopo la samaki lililokatwa. Nakiona juu ya bega lake la kulia. Huwezi kuandika kwenye matope yale. Nashika namba kichwani, kila namba kwenye kidole chake, na tukisimama nazitamka na kuziandika kwenye daftari lililofungwa kwa kitambaa cha mpira. Kutoka mjini 165. Kilomita thelathini 182. Kituo cha Kilomita Sitini 190. Baada ya hapo barabara inashuka mtoni, na kuanzia Kilomita Sabini na Nne kuna mlima mrefu wa udongo mwekundu. Juu ya mlima 226. Kituo cha Kilomita Tisini, kwa muuguzi Ambroise, 201. Luena 195.

Malachie hakukitazama kipimo hata mara moja.

Jumatano, 17 Novemba

Tumerudi. Mlimani tena 224. Clotilde alikuwa mlangoni kwake tulipopita, akanipa bakuli la maji nioshe uso. Alisema nimerudi na rangi nyingine. Sikujua kama ni matope au hofu.

Jumanne, 23 Novemba

Kutoka 166, mlimani 228.

Jumanne, 30 Novemba

Mlimani 227. Radi ilipiga mti mbele yetu. Nilipoteza namba mbili za vidole.

Jumanne, 7 Desemba

Mlimani 229. Naanza kuiamini barabara. Naujua mti unaotangulia mlima, naijua harufu ya mto, na nikifumba macho najua mshale uko wapi. Nimemwambia Malachie hivyo, akaniambia nisifumbe macho.

Jumanne, 14 Desemba

Leo kumetokea jambo ambalo nitaliandika polepole.

Tulisimama Kilomita Sabini kwa mvua. Injini ikapoa kabisa. Ili iwake, Malachie alivuta kile kijiti kinachobana tundu la hewa kwenye kabureta, ikawaka, tukaondoka kwa haraka na akasahau kukirudisha. Nikajua tu baadaye. Tuliupanda mlima wote hivyo. Mshale, ambao kila wiki unafika 226, 228, 229, ulisimama kwenye 192.

Mzigo uleule. Mlima uleule. Dereva yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba hewa ilipungua.

Nilimwuliza huko juu. Aligusa kijiti, akakirudisha, akapanda.

Jumamosi, 18 Desemba

Nimesoma jedwali: Malachie, lita kumi na tano. Makofi matatu. Nje ya ua, kwenye seng'enge, wanawake wa kambi husimama na ndoo zao wakisikiliza. Clotilde alikuwa mbele. Makofi yalipokwisha alijitwisha ndoo akaondoka wa kwanza, shingo imenyooka.

Jumatatu, 20 Desemba

Nilibaki ofisini saa ya mapumziko. Niliweka karatasi mbili pamoja: jedwali la petroli na daftari la mshale. Kisha nikatafuta tarehe za pistoni zilizoungua.

Pistoni ya kwanza iliungua wiki moja baada ya petroli kushuka hadi kumi na sita. Ya pili iliungua siku nane baada ya kushuka hadi kumi na tano. Kabla ya Juni, miaka miwili, haikuungua hata moja.

Injini inanyimwa chakula. Kila Jumamosi mimi nasoma kwa sauti jinsi inavyonyimwa, na watu wanapiga makofi. Jedwali nililochora kwa rula ndilo lililotoboa zile pistoni.

Namba zilikuwa sahihi. Nilizihesabu tena mara tatu.

Jumanne, 21 Desemba. Luena

Nimemwuliza Malachie tulipokuwa tunakula, kwenye baraza la nyumba ya wageni. Nilimwambia: Baba Malachie, injini ina njaa.

Alitafuna mpaka akamaliza. Akatoa kopo la tumbaku mfukoni, akalifungua. Ndani mlikuwa na kijipande cha shaba, kidogo kama punje ya hindi, chenye tundu katikati. Anakiita jikleri. Petroli yote inayoingia kwenye injini inapita katika tundu hilo.

« Hii njo ya kwake ya kweli. Ile iko ndani sasa, minyi nilinunua ingine, nikaziba tundu yake na risasi ya kuyeyusha, nikatoboa tena na sindano ya Clotilde. »

« Nani alikuruhusu? »

« Nani angenikataza? Kila posho karani anasoma namba yangu. »

Posho ni Jumamosi, siku ya kugawiwa chakula. Nilimwomba airudishe ile ya kweli kesho asubuhi. Alifunga kopo.

« Nikiirudisha, Jumamosi utasoma kumi na tisa. Ule Kabedi wa lori atacheka. Bwana atauliza petroli inaenda wapi, kama naiuzisha. Na bibi yangu iko pale ku lupango, ku seng'enge, na ndoo. Utasoma mbele yake? »

« Ukiunguza ya tatu, utatoka nyumbani. »

« Mbele sikujua moto iko ngapi. Sasa niko na kipimo, na weye uko nyuma yangu. Ikipanda sana utaniambia, nitavuta kijiti. »

Kwa hiyo alikuwa akinisikiliza siku zote hizo. Nilimwona fundi mzembe, lakini ni mtu aliyefunga injini mkanda tumboni kwa ajili ya makofi matatu.

Wajibu wangu ni kumwambia Bwana Vermeire. Nikimwambia, Malachie anafukuzwa kwa kugeuza kifaa bila ruhusa. Nisipomwambia, atafukuzwa kwa pistoni.

Noeli

Misa nzuri. Sikumwambia Bwana.

Jumamosi, 1 Januari 1955

Bwana Vermeire ametoa mkono kwa kila mtu. Nilitaka kusema. Kengele ya simu ikalia.

Jumanne, 11 Januari

Mlimani 231. Nilimgonga Malachie begani, akavuta kijiti, ikashuka 215.

Jumanne, 25 Januari

Mlimani 233. Hatusemi sana, tunagongana mabega.

Jumamosi, 5 Februari

Lita kumi na nne. Makofi. Ametoboa tundu dogo zaidi, au amelibana lile, sikuuliza. Kabedi wa lori alisema kwa sauti ya kusikika: « Mwezi wa sita itatembea na maji ya mutoni. » Watu wakacheka, hata Bwana.

Jumanne, 8 Februari

Mlimani 238, kijiti kikiwa kimevutwa nusu.

Ijumaa, 25 Februari

Clotilde ameniletea samaki wakavu wa Mulongo, amewafunga kwenye jani. Alikaa kwenye ngazi ya ofisi, hakutaka kuingia.

« Karani, ule bwana yangu hasemake kitu. Anaamka anasikiliza hewa. Kuko barua ingine? »

Nikamwambia hakuna barua nyingine.

« Nilipanda nyanya nyuma ya nyumba. Zinakomaa mwezi wa ine. Nilitaka tu kujua kama nitazikula miye, ama ni muntu mwingine. »

Nilisema atazila yeye. Sijui nilisema kwa mamlaka gani.

Jumanne, 15 Machi

Mlimani 241. Nimemwambia Malachie kwamba mvua zikiisha nitakwenda kwa Bwana, na kwamba nitaanza na kosa langu. Alisema mvua haziishi upesi mwaka huu.

Jumatatu ya Pasaka, 11 Aprili

Mvua siku tatu bila kukoma. Wanasema maji yamekula tuta la reli upande wa Luena, na treni hazipiti.

Alhamisi, 14 Aprili

Naandika jioni, mezani kwa Ambroise, kituo cha Kilomita Tisini. Mkono wangu umetulia. Nitaandika yote.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu simu ya waya ilifika stesheni kutoka kwa Ambroise: watoto watano wana dondakoo, anahitaji dawa ya sindano leo, kesho itakuwa bure. Treni hakuna. Malori mawili yamezama kwenye matope ya barabara ya Base. Ilibaki pikipiki. Dawa hiyo hukaa kwenye barafu, na Bwana Vermeire hakukubali kumwachia mtu mwingine. Alikaa kwenye kigari mwenyewe, sanduku la barafu magotini, kofia imefungwa kwa kamba. Ni mtu mnene. Malachie alimtazama akiingia, akatazama magurudumu, kisha akanitazama mimi.

Mpaka mtoni tulikwenda vizuri. Saa tatu kasorobo tulianza mlima.

Matope yalifika kwenye vyuma vya magurudumu. 221. Malachie alivuta kijiti mapema. 230. Na uzito ule injini ilikabwa, ikapoteza nguvu, akalazimika kukirudisha. 238. Nilimgonga begani. 243. Hapo nikasikia kitu ambacho sijawahi kusikia, kama misumari midogo inayomwagwa kwenye sahani ya bati, ndani ya injini.

« Mbio, » Bwana Vermeire alisema kutoka kigarini. « Barafu inaisha. »

Malachie alifungua petroli. 249. Misumari ikazidi.

Nilijua kitakachofuata kwa sababu nilikuwa na wiki ishirini na mbili za namba mikononi. 252. Hatukuwa hata nusu ya mlima.

Niliweka mkono wangu juu ya mkono wa Malachie, ule wa kuendesha petroli, nikaurudisha mpaka mwisho. Pikipiki ilisimama. Injini ikazimika yenyewe.

Kukawa na mvua tu.

« Florent, » Bwana Vermeire alisema. « Weye iko karani ao iko fundi? »

« Karani, Bwana. Injini iko kwenye mia mbili hamsini na mbili. Tukiendelea haitafika juu, na watoto hawatapata dawa. »

« Nani alikuambia kusimamisha? »

« Namba, Bwana. »

Nilimwambia vyote, nikiwa nimesimama kwenye matope, maji yakinitiririka mdomoni. Kwamba tundu la petroli ni dogo mno. Kwamba limepunguzwa ili jedwali lionekane zuri. Kwamba jedwali ni langu. Kwamba nilijua tangu Desemba na niliogopa. Kwamba jikleri ya kweli iko kwenye kopo la tumbaku ndani ya mfuko wa shati la Malachie, na akiibadilisha sasa tutafika.

Nilipotaja kopo, Malachie alifumba macho. Nilikuwa nimemfukuza kazi kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele yake.

Bwana Vermeire hakupandisha sauti. Alifungua kifuniko cha sanduku, akaangalia barafu, akakifunga.

« Malachie. Dakika ngapi? »

« Kumi, Bwana. »

« Fanya. »

Tulishika koti la mvua juu ya injini, Bwana upande mmoja, mimi upande mwingine. Vidole vya Malachie viliungua kwenye chuma, nilisikia harufu ya ngozi, lakini hakuviondoa. Alifungua kabureta, akatoa ile ndogo, akaitia ile ya kweli, akapuliza bomba la petroli kwa mdomo, akafunga. Dakika kumi na moja kwa saa yangu.

Ikawaka kwa sauti nyingine, nzito zaidi. Tukaanza tena kutoka pale kwenye matope, ambapo ni pagumu kuliko kuanza chini. 190. 196. 203. 205. Juu kabisa ya mlima, watu watatu na barafu: 207.

« Ngapi? » Bwana Vermeire aliuliza.

« Mia mbili na saba. »

Alirudia namba hiyo polepole, kwa Kifaransa.

Saa nne na robo tulikuwa kwa Ambroise. Barafu ilibaki ya ukubwa wa ngumi. Ambroise, ambaye hajawahi kumwona Bwana Vermeire akiwa na matope, alimpa taulo na kuanza kuchoma sindano bila salamu. Watoto wanne wanapumua vizuri zaidi jioni hii. Wa tano, msichana wa miaka minne, bado.

Malachie amekaa nje na mikono yake ndani ya beseni la maji. Nilikwenda nikakaa karibu.

« Uliniuzisha, karani, » alisema.

« Ndiyo, Baba. »

« Minyi ningeenda mpaka iungue. Pale mbele ya Bwana nisingetoa ile kopo. » Aligeuza mikono ndani ya maji. « Bale batoto bangekufa juu ya haya yangu. »

Ijumaa, 15 Aprili

Mshale kwenye mlima wa kurudi: 204. Msichana alikunywa uji kabla hatujaondoka. Ambroise alimshikia kijiko mwenyewe.

Ofisini Bwana Vermeire aliniambia kwamba kugeuza kifaa bila ruhusa kunatosha kumwachisha mtu kazi, pistoni ya tatu haihitajiki tena. Ataamua kesho, mbele ya wote. Niliweka mezani pake karatasi moja yenye safu mbili, lita na joto, kuanzia Novemba. Juu yake niliandika jina langu kama mtungaji wa jedwali la Mei. Alisema niende.

Nilitoka nikaona kwamba hofu ilikuwepo, lakini haikuwa yangu. Nilikuwa namwogopea Malachie.

Jumamosi, 16 Aprili

Mbingu safi tangu alfajiri, na upepo mkavu wa kwanza.

Majina yaliitwa. Wanawake walikuwa kwenye seng'enge, wengi kuliko siku zote. Habari za mlima zilishafika kambini. Nilisimama na karatasi nikingoja kuambiwa nisome. Bwana Vermeire alitoka hatua mbili mbele.

« Malachie, nani alikupa ruhusa ya kugeuza jikleri? »

« Hakuna muntu, Bwana. »

« Uligeuza juu ya nini? »

Malachie angeweza kusema ni jedwali, ni karani, ni amri ya kuokoa petroli. Aligeuza kichwa kidogo upande wa seng'enge.

« Juu ya makofi, Bwana. »

Kabedi wa lori alianza kucheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha.

« Florent, soma. »

Nilisoma safu zote mbili. Lita kumi na tano, joto mia mbili ishirini na tisa. Lita kumi na nne, joto mia mbili arobaini na moja. Pistoni ya Agosti, pistoni ya Oktoba. Halafu lile jedwali la Mei, na aliyelichora. Sauti yangu haikutetemeka, nadhani kwa sababu hakukuwa na neno la kubahatisha ndani yake. Nilipomaliza nilikunja karatasi.

Mtoto alilia upande wa seng'enge, mama yake akamnyamazisha. Clotilde alikuwa ameweka ndoo chini.

« Jumanne ni safari ya Luena, » Bwana alisema. « Malachie. Injini inaomba lita ngapi, kwenda na kurudi? Bila kudanganya. »

Malachie alinyoosha mgongo.

« Kumi na tisa, Bwana. »

Bwana Vermeire alinigeukia.

« Florent, kwa Malachie, Jumanne. Andika makumi mbili. »

Nimeandika ishirini.